Ushuru wa stempu Uingereza: fleti ya hisa 40%, tuchague thamani ya soko au tulipe kwa awamu?

Ukingo_wa_Kennet

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaoufahamu ushuru wa stempu wa huku England (SDLT), maana wakili anataka jibu kabla ya Ijumaa na maelezo yake ni mistari miwili tu.

Tunanunua fleti mpya Reading kwa mpango wa umiliki wa hisa kutoka chama cha nyumba. Thamani kamili ni pauni 280,000. Tunachukua hisa ya 40%, yaani pauni 112,000, na 60% iliyobaki tunalipia pango la 2.75% kwa mwaka: pauni 4,620, sawa na 385 kwa mwezi. Mkataba wa upangaji ni wa miaka 990.

Kwenye fomu kuna sehemu mbili: tuchague "thamani ya soko" au tulipe kwa awamu. Mpango wetu ni kuongeza hisa taratibu mpaka 100%, tuseme ndani ya miaka saba au minane.

Hatujawahi kununua nyumba popote. Ila mke wangu ana fungu katika nyumba ya marehemu baba yake Tanga. Warithi ni watano, fungu lake linaweza kufika pauni 9,000 hivi. Nadhani hilo halihusiani na huku, lakini naliweka mezani mapema. Tuweke alama wapi?

---

Hati_na_Mihuri

Ndugu Kennet, tuanze na viwango vinavyotumika tangu tarehe 1 Aprili 2025, kwa sababu mtandaoni bado yamejaa majedwali ya zamani yenye kikomo cha 250,000 na 425,000. Hayo yamekwisha.

Mnunuzi wa kawaida: pauni 125,000 za kwanza hazitozwi, kuanzia hapo hadi 250,000 ni 2%, kuanzia 250,000 hadi 925,000 ni 5%. Juu ya hapo kuna 10% na 12%, hazikuhusu.

Mnunuzi wa mara ya kwanza: 0% hadi pauni 300,000, kisha 5% kwa kinachozidi hadi 500,000. Nyumba ikizidi 500,000, nafuu yote inaondoka.

Sasa hizo njia mbili.

Ukichagua thamani ya soko, unatozwa leo kama vile umenunua fleti nzima ya 280,000. Ukishalipa umemaliza. Pango halitozwi, na hata ukiongeza hisa mpaka 100% hakuna ushuru tena, bei ipande isipande.

Ukilipa kwa awamu, leo unatozwa kwa bei ya hisa uliyonunua, pamoja na pango kama thamani yake ya sasa (pango la miaka yote likipunguzwa kuwa fedha za leo) kwa mkataba mzima inazidi 125,000. Baadaye unaongeza hisa bila ushuru wowote mpaka ufike 80%. Ununuzi unaokuvusha 80%, na kila unaofuata baada ya huo, unatozwa.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza na fleti ya 280,000 hakuna hata cha kufikiria: chagua thamani ya soko. 280,000 iko chini ya 300,000, kwa hiyo ushuru ni sifuri leo na sifuri milele. Ukichagua awamu unalipa sifuri leo pia, lakini siku unayotoka 40% kwenda 100% utatozwa kwa viwango vya kawaida, kwa sababu nafuu ya mara ya kwanza ni ya hisa ya kwanza tu. Hata bei isipopanda shilingi, hapo kuna pauni 2,400 umezitupa kwa kutoweka alama kwenye kisanduku.

Mawakili wengi huweka awamu bila kumuuliza mteja, kwa kuwa inaonekana nafuu siku ya kukabidhiwa funguo. Wako amekuuliza, mshukuru.

---

Bibi_Hesabu

Hati, hesabu yako iko sawa, ila umeiruka nyumba ya Tanga, na hiyo ndiyo inayopindua jibu lote.

Kennet, "mara ya kwanza" kwa HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) maana yake hujawahi kuwa na nyumba ya kuishi popote duniani, iwe kwa kununua, kupewa au kurithi. Fungu la moja ya tano Tanga linahesabika. Na mkinunua wawili, lazima nyote wawili muwe na sifa hiyo. Mmoja akiikosa, nafuu haipo kabisa. Haigawanywi nusu kwa nusu.

Kama mirathi bado haijagawanywa na nyumba haijahamishiwa kwa warithi, mpeni wakili nakala ya hati za mirathi na mumuulize kwa maandishi mke wako anahesabiwa vipi. Msijaze fomu kwa kukisia. Kuna tamko pale, na fungu la familia lililosahauliwa ni jambo linaloonekana mara tu HMRC ikiuliza maswali.

Kuna swali la pili ambalo watu hulichanganya na hilo la kwanza: nyongeza ya nyumba ya pili. Tangu 31 Oktoba 2024 nyongeza hiyo ni 5% juu ya kila ngazi, na nyumba ya nje ya Uingereza inahesabika. Lakini hapa vigezo ni tofauti. Fungu lenye thamani iliyo chini ya pauni 40,000 haliangaliwi. Vilevile fungu lililorithiwa ndani ya miaka mitatu iliyopita, likiwa nusu au pungufu, haliangaliwi. Kwa pauni 9,000 mko salama. Kwa hiyo mke wako si mnunuzi wa mara ya kwanza, lakini pia hamtozwi nyongeza. Mnaangukia katikati, kwenye viwango vya kawaida.

Sasa nirudie hesabu kwa viwango vya kawaida.

Thamani ya soko leo: 125,000 sifuri, 125,000 zinazofuata kwa 2% ni 2,500, na 30,000 zilizobaki kwa 5% ni 1,500. Jumla pauni 4,000.

Kwa awamu: hisa ya 112,000 iko chini ya 125,000, sifuri. Pango: HMRC hulipunguza kwa 3.5% kwa mwaka katika muda wote wa mkataba. Kwa mkataba wa miaka 990 njia ya mkato ni kugawa pango la mwaka kwa 0.035. 4,620 ÷ 0.035 = 132,000. Inazidi 125,000 kwa 7,000, na 1% ya hizo ni pauni 70.

Pauni 70 dhidi ya 4,000. Sasa angalia mbele.

Mkitoka 40% moja kwa moja hadi 100%, bei ikiwa ileile: mnanunua 60%, yaani 168,000. Malipo yote ya hisa yanajumlishwa (112,000 + 168,000 = 280,000), unatafuta ushuru wa jumla hiyo, ambao ni 4,000, kisha unachukua sehemu ya ununuzi huu tu: 4,000 × 168,000 ÷ 280,000 = 2,400. Ukijumlisha na zile 70 za mwanzo ni 2,470. Bado iko chini ya 4,000.

Fleti ikipanda hadi 350,000: 60% ni 210,000. Jumla ya malipo 322,000, ushuru wake 6,100. Sehemu yenu: 6,100 × 210,000 ÷ 322,000 = takriban 3,978. Pamoja na 70 ni 4,048. Hapo ndipo njia mbili zinakaribia kulingana. Kwa maneno mengine, bei inabidi ipande robo nzima na mrukie 100% kwa mkupuo mmoja ndipo mjutie kutolipa 4,000 leo.

Halafu hakuna anayewalazimisha kuruka kwa mkupuo. Nendeni 40% hadi 80% kwanza, bila ushuru na bila hata kujaza fomu ya SDLT. Miaka ikipita, 80% hadi 100%. Kwa bei ya 350,000, hiyo 20% ya mwisho ni 70,000, na ushuru wake ni 6,100 × 70,000 ÷ 322,000 = takriban 1,326. Kwa bei isiyopanda ni 800.

Tahadhari mbili. Kila hatua ina gharama zake: mthamini, wakili, wakati mwingine ada ya benki kwa kuongeza mkopo. Kabla ya kugawa safari mara mbili, pigeni hesabu kama akiba ya ushuru inazidi gharama hizo. Na msifanye 40 hadi 80 Jumatatu kisha 80 hadi 100 Ijumaa. Hatua mbili zilizopangwa kukwepa ushuru tu zinaweza kuunganishwa na HMRC.

---

Ukingo_wa_Kennet

Bibi, asante sana, hapa nimejifunza. Basi mke akiachwa nje ya hati na nikanunua mimi peke yangu, nafuu ya mara ya kwanza inarudi? Sina nyumba wala fungu popote.

---

Bibi_Hesabu

Inarudi, kwa masharti. Kwenye nafuu ya mara ya kwanza wanaangaliwa wanunuzi tu, mwenzi asiyenunua haangaliwi. (Kwenye nyongeza ya 5% ni kinyume: mali ya mume na mke huangaliwa kwa pamoja. Fungu la Tanga lingekuwa la pauni 60,000, usingepata nafuu na ungelipa nyongeza hata ukinunua peke yako.)

Kwa hiyo ukinunua peke yako, ukachagua thamani ya soko, ushuru ni sifuri na mambo yamekwisha, kama alivyosema Hati.

Ila angalia haya. Kwanza, kipato chako peke yako kitoshe mkopo wa 112,000 ukitoa amana. Pili, kama mke anachangia amana kwa makubaliano kwamba sehemu ya nyumba ni yake, basi naye ni mnunuzi machoni pa sheria hata jina lake lisipokuwa kwenye hati. Benki nyingi zitamtaka asaini karatasi kwamba hadai chochote kwenye nyumba. Tatu, na hili si la kodi: mke kutokuwa kwenye hati ni uamuzi wa ndoa na wa mirathi, ujadiliwe nyumbani kwanza, usiamuliwe kwa ajili ya pauni elfu mbili au tatu.

---

Mzee_wa_Fomu

Naongezea upande wa karatasi, maana hapo ndipo watu hukwama.

Fomu ya SDLT na malipo vinatakiwa ndani ya siku 14 tangu kukamilisha ununuzi. Zamani ilikuwa 30, ilibadilika Machi 2019. Ukichelewa faini ni pauni 100, ikipita miezi mitatu ni 200, na riba juu. Wakili ndiye huijaza, lakini mwenye jukumu kisheria ni mnunuzi. Bila cheti kinachotolewa na HMRC baada ya fomu, Land Registry (ofisi ya usajili wa ardhi) haisajili hati.

Kujaza ni lazima hata ushuru ukiwa sifuri. Ukidai nafuu ya mara ya kwanza, namba ya nafuu ni 32. Ombeni nakala ya fomu kabla haijatumwa, na mwangalie mambo manne: namba ya nafuu, kama chaguo la thamani ya soko limewekwa au la, bei ya hisa, na pango la mwaka. Pango likiandikwa la mwezi badala ya la mwaka, hesabu yote inaharibika na hakuna anayeshtuka.

Chaguo la thamani ya soko halifutiki. Hata bei ikianguka mwaka ujao, hurudishiwi. Lakini kinyume chake kinawezekana: aliyeanza kwa awamu anaweza kurekebisha fomu ndani ya miezi 12 baada ya ile siku ya mwisho ya kuiwasilisha na kuliongeza chaguo hilo. Kwa hiyo kama ni kusitasita, awamu inakupa mwaka wa kufikiri, thamani ya soko haikupi hata siku moja. Hili nimeona hata mawakili wachanga hawalijui.

Thamani inayotumika kwa chaguo hilo ni ile iliyoandikwa ndani ya mkataba wa upangaji. Tafuteni ukurasa wenye "thamani ya soko" na mhakikishe ni 280,000 kweli. Na mpango huu wa kuchagua ni kwa wauzaji wanaotambuliwa na sheria, kama chama cha nyumba au halmashauri. Mjenzi binafsi anayeuza "hisa" kwa mpango wake mwenyewe huenda hauhusiki kabisa, mwulizeni wakili.

Kumbukeni pia kwamba ushuru huu unalipwa taslimu. Benki kwa kawaida haiuweki ndani ya mkopo.

Jambo jingine kwa Kennet: chama cha nyumba kina masharti yake yasiyohusiana na HMRC. Kipato cha kaya kisizidi pauni 80,000 kwa mwaka (90,000 kwa London), na kwa kawaida usiwe mmiliki wa nyumba nyingine. Fungu la Tanga lielezeni kwenye maombi yao pia. Kwa fungu dogo lisilokaliwa mara nyingi panapatikana suluhu, lakini likigunduliwa baada ya kuficha, mnaweza kupoteza fleti na ada ya kuishikilia.

---

Pwani_Stratford

Wadau, nimesoma yote. Mimi ni London, mnunuzi wa mara ya kwanza kweli kweli, sina hata kibanda kokote. Fleti 520,000, nachukua 30% kwa 156,000. Dalali kaniambia hisa yangu iko chini ya 300,000 kwa hiyo sitozwi. Ni kweli?

---

Hati_na_Mihuri

Si kweli. Kikomo cha 500,000 kinapimwa kwa thamani ya fleti nzima, hata ukilipa kwa awamu na hisa yako iwe ndogo namna gani. Fleti ya 520,000 imekivuka kikomo, nafuu huna.

Kwa awamu: 156,000 ukiondoa 125,000 ni 31,000, kwa 2% ni 620. Pango, tukichukua 2.75% ya 364,000: 10,010 kwa mwaka. Gawa kwa 0.035 unapata 286,000, toa 125,000, bakia 161,000, 1% ni 1,610. Jumla pauni 2,230. Umeona pango lilivyozidi hisa yenyewe? Watu wa London wengi husahau mstari huo.

Thamani ya soko: 2,500 na 5% ya 270,000, yaani 13,500. Jumla 16,000.

Kwa hisa ya 30%, na safari ndefu hivyo hadi 80%, sioni sababu ya kutoa 16,000 leo. Mtu hununua 30% kwa sababu fedha ni za kubana. Mikataba ya kuanzia 2021 inaruhusu kuongeza 1% kila mwaka kwa miaka 15 bila kumlipa mthamini. Utafika 45%, mbali na 80%. Na ukiuza hisa yako kabla ya hapo, hulipi ushuru wewe. Mnunuzi wako atatozwa kwa bei anayokulipa.

Kabla ya yote, mwulize chama cha nyumba kama thamani iliyoandikwa ni ya mwisho. Ingekuwa 499,000, nafuu ingekuwepo, na hisa yako ya 30%, pauni 149,700, isingetozwa kitu. Pauni 21,000 za thamani zinabadilisha mengi hapo. Usitegemee lakini, bei ya hisa inatoka kwa mthamini, si kwa mazungumzo.

---

Ruwi_hadi_Leeds

Na sisi tulioko Muscat wenye pasi za Uingereza, tukirudi na kununua mara moja?

---

Mzee_wa_Fomu

Kuna nyongeza ya 2% kwa wasioishi Uingereza, ipo tangu Aprili 2021. Kipimo ni cha siku, si cha pasi: uwe umekuwa Uingereza angalau siku 183 katika miezi 12 kabla ya ununuzi. Usipofikisha, unalipa nyongeza kwanza. Ukishahamia na ukakaa siku 183 ndani ya siku 365 mfululizo zinazoishia kabla ya mwaka mmoja kupita tangu ununuzi, unaomba urejeshewe, na maombi yafanywe ndani ya miaka miwili. Weka tiketi na mihuri ya kuingia na kutoka.

Na haya yote ni ya England na Ireland ya Kaskazini. Scotland na Wales zina kodi zao, na Wales haina nafuu ya mara ya kwanza kabisa. Msichanganye majedwali.

---

Ukingo_wa_Kennet

Nimeelewa. Tumekaa na mke tumekubaliana majina yote mawili yabaki kwenye hati, tunalipa kwa awamu, pauni 70. Nimemwandikia wakili kuhusu Tanga na kuomba nakala ya fomu kabla haijatumwa. Kama ushauri wake ukija tofauti ndani ya miezi 12, tutarekebisha.

---

Bibi_Hesabu

Sawa. Na andikeni mahali mtakapopaona siku mkiongeza hisa: ukivuka 80%, siku 14 zinaanza upya na fomu ni lazima. Wakili atakayeshughulika wakati huo huenda asiwe huyu, na chama cha nyumba hakina wajibu wa kuwakumbusha. Hifadhini fomu ya kwanza na risiti ya kila hisa, maana bila tarakimu hizo ile hesabu ya kujumlisha haitafanyika.